Omu Moja Nyuma ya Mbao

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, nilipita katikati ya mafundi seremala wa Keko nimebeba jiko la umeme kichwani na jingine nimelikumbatia kifuani. Majiko yale ya plate mbili mbili ni mazito, usione hivi. Jua lilikuwa limeshapanda, misumeno inalia pande zote, makochi yasiyo na vitambaa yamepangwa hadi ukingoni mwa barabara, na kila niliyempita aliacha kazi akanitazama. Nilikuwa nimevaa suruali ya kazi ya bluu iliyonizidi ukubwa. Nyakati zile msichana akivaa vile ilikuwa habari ya mtaa.

"Fundi Eliamini!" Shomari alipaza sauti kabla sijafika. "Njoo umwone binti yako! Leo kaja kutupikia!"

Wakacheka wote. Nami nilicheka kidogo, maana Shomari alikuwa mtu wa utani tangu nikiwa mdogo, na alikuwa ndiye fundi msaidizi wa baba yangu. Lakini ndani yangu sikuwa na kicheko. Nilikuwa nimekuja kumwonyesha baba yangu mzazi, mbele ya mafundi wenzake, kwamba umeme alioufunga kwa mikono yake mwenyewe ungeweza kuunguza banda lake na mabanda ya jirani. Na baba yangu alikuwa ameshaniambia niache.

Ngoja nikueleze vizuri, ili ujue tulifikaje hapo.

Baba yangu, Eliamini, alishuka kutoka Upare akiwa kijana, na sanduku la vifaa vya useremala alilorithi kwa mjomba wake. Alianza Keko na benchi moja la kufanyia kazi, chini ya turubai. Mpaka mimi naingia utu uzima alikuwa na banda refu la mabati, mafundi wanaomsikiliza, na mashine mbili: msumeno wa meza na mashine ya randa. Hakuna mtu aliyempa kitu. Kila nguzo ya banda lile aliisimamisha yeye. Na umeme nao, kutoka kwenye mita pale mbele hadi kwenye soketi ya mashine kule nyuma, aliuvuta yeye. Alinunua waya wa unene wa milimita mraba mbili na nusu, akaupitisha ukutani, akaufunika kwa mbao nyembamba za plaiwudi ili usionekane. Alipopenda kumwonyesha mgeni banda lake, alianza na ule ukuta. Hata waya huuoni, alikuwa akisema.

Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza. Nilipomaliza shule nilisema nataka umeme, si ushonaji. Mama alisita, baba hakusita. Alinipeleka mwenyewe hadi chuo cha ufundi, na nilipomaliza mafunzo alinitembeza kwenye karakana za watu mpaka tukampata Mzee Akberali.

Mzee Akberali alikuwa mtu wa hapahapa Dar, wazee wake walitoka Bara Hindi zamani sana, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu mie niliyelelewa na Wapare. Alikuwa na karakana ya kusuka upya nyaya za mota zilizoungua, si mbali na kwetu Keko. Mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na mkono mmoja daima una harufu ya vanishi. Baba alipomwambia, "Huyu ni binti yangu, nataka ajue kazi," yeye hakuniangalia mimi, aliangalia mikono yangu. Akasema, "Vidole vyembamba. Vizuri. Mota zina sehemu ambazo vidole vyangu haviingii tena." Basi nikawa fundi mwanafunzi, na nilimpenda yule mzee kama babu yangu.

Nilikuwaga napita bandani kwa baba kila jioni nikitoka kazini, tunarudi nyumbani Temeke pamoja. Ndipo nilipoanza kuona. Msumeno ukiwashwa, taa ya kule nyuma ilikuwa inafifia, inakuwa ya njano kama taa ya kibatari, halafu inarudi taratibu. Mashine zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja, sauti ya msumeno ilikuwa inashuka, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Na siku nyingine, karibu na ukuta wa katikati, nilikuwa nasikia harufu. Si ya mbao. Wewe unayeanza kazi hii, ukishaijua harufu ya ganda la waya linalopata moto, huisahau.

Nilimwambia baba njiani tukirudi. Nilimwambia kwa upole, lakini nilimwambia vibaya. Nilisema, "Baba, nadhani waya wa bandani haufai."

Aliongeza mwendo. Kisha akasema, "Ule waya niliuvuta mimi. Wewe ulikuwa unabebwa mgongoni. Umewasha mashine miaka yote, haujamdhuru mtu."

"Lakini baba, taa zinafifia."

"Taa za Dar es Salaam nzima zinafifia, Nakunda. Hilo nalo ni langu?"

Hakupandisha sauti. Lakini nilimjua baba yangu. Nilikuwa nimegusa kitu alichojivunia, na nilikigusa kwa neno "nadhani." Kesho yake nilipotaka kurudia, alininyooshea kiganja tu. Maana yake, yamekwisha.

Na hapakuwa na wakati wa kusubiri. Wiki ile walikuwa wanamalizia benchi za kanisa jipya la usharika mmoja kule Goba. Kanisa lilikuwa linawekwa wakfu Jumapili, na baba alikuwa ameahidi benchi zote zitakuwa ndani kabla ya hapo. Kwa hiyo mashine zote mbili zilikuwa zinanguruma mchana kutwa, bila kupumzishwa. Banda limejaa mbao kavu za mninga, maranda yanafika magotini, madebe ya vanishi kwenye kona. Na nyuma ya mabati, ukuta kwa ukuta, kuna banda la jirani, na la jirani wa jirani, na vijana waliokuwa wakilala humo humo kulinda vitu vyao.

Nikamwendea Mzee Akberali. Zilikuwa siku za Muharram, amevaa shati jeusi, na karakana alikuwa anaifunga mapema ili awahi majlisi, mkutano wao wa maombolezo. Nilimkuta anafuta miwani. Nikamwambia yote kwa haraka, nikamalizia, "Mzee, nadhani ule waya utaleta moto. Tafadhali twende ukamwambie baba. Wewe atakusikiliza."

Alivaa miwani akaniangalia. Kisha akanikemea, mwanangu, na ule ukali wake nauheshimu hadi leo.

"Nadhani, nadhani! Nimekufundisha kudhani hapa? Volti ngapi zinapotea njiani? Hujui. Ampea ngapi zinapita? Hujui. Sasa unakwenda kumwambia mtu mzima kazi ya mikono yake mbovu, na huna hata namba moja mfukoni? Mimi ningekuwa baba yako ningekufukuza."

Machozi yakanilengalenga. Naye akaona, akashusha sauti, akavuta kiti.

"Kaa. Sikiliza, binti. Waya haufichi kitu kwa mtu mwenye mita ya kupimia. Pima volti pale umeme unapoanzia, pima pale unapoishia, mashine ikiwa inakula umeme. Toa moja kwa nyingine. Hizo zilizopungua, waya ndio umezila. Pima na mkondo, ampea. Ukigawa volti zilizopotea kwa ampea, unapata nini?"

"Ukinzani wa waya."

"Omu ngapi. Ukizidisha volti zilizopotea kwa ampea?"

"Wati."

"Wati ambazo waya unazigeuza joto ndani ya ukuta wa baba yako. Hiyo ndiyo habari ya kumpelekea. Ila usipime na mota. Mota ina tabia zake, volti na mkondo haviendi hatua moja, hesabu yako itakosewa. Chukua majiko ya umeme. Jiko ni waya wa moto tu, halina ujanja."

Nikamwomba tena twende wote. Akakataa. "Nikienda mie, nimemwaibisha baba yako mbele ya mwanawe. Na wewe nimekuibia kazi yako. Nenda mwenyewe. Na mita usiishike wewe. Mpe yeye aisome."

Sikuyaelewa maneno yale ya mwisho. Niliyaelewa kesho yake.

Basi ndiyo nikaomba jiko la mama, nikaazima na la mke wa Mzee Akberali, nikaingia Keko asubuhi ile nimebebeshwa kama mhama nyumba.

Baba alitoka bandani anafuta mikono. "Shikamoo baba." "Marahaba." Aliangalia majiko, akaangalia mita iliyoning'inia shingoni mwangu. Alijua mara moja nimefuata nini. Uso wake ukafungika kama mlango.

"Nakunda, nilikwambia nini?"

Mafundi wakaacha kucheka. Hakuna anayependa kuona baba na mwanawe wakivutana hadharani. Lakini nilikuwa nimejiandaa. Nikapiga goti kidogo, kwa adabu za kwetu, nikasema, "Baba, sikuja kubishana. Nimekuja kuomba unisomee namba. Ukishazisoma, neno lako ndilo la mwisho, na mie sitalisema tena jambo hili."

Nadhani ni lile neno, unisomee, lililomshika. Akatoa miwani yake mfukoni. "Haya. Wapi?"

Tukaanza pale mbele kwenye mita ya umeme, mashine zote zimezimwa. Nilishika ncha za mita, yeye akasoma. "Mia mbili na thelathini." Tukaenda nyuma kabisa, kwenye soketi ya mashine. Akasoma tena. "Mia mbili na thelathini." Akageuka, na sauti yake ikapanda ili wote wasikie. "Mmeona? Sawa kwa sawa! Kinachoingia huku ndicho kinachotoka kule."

Shomari akapiga makofi. Mwanangu, pale kama nisingejua kazi yangu ningeokota majiko yangu nikaenda zangu. Lakini nilijua. Nikasema, "Ni kweli baba, ni sawa kwa sawa, kwa sababu hakuna mkondo unaopita. Waya usiobeba kitu hauchoki. Sasa tuubebeshe mzigo."

Nikachomeka majiko yote mawili kule nyuma, nikafungulia plate zote nne. Mzee Akberali alikuwa amenipa kipande cha waya cha kuchomekea, nyaya zake za ndani zimetenganishwa, ili mita nyingine aliyoniazima, yenye mdomo kama koleo, iukamate waya mmoja peke yake, maana ukizikamata zote mbili pamoja husomi kitu. Taa ya nyuma ikawa ya njano. Tulisubiri plate zishike moto sawasawa.

"Soma ampea, baba."

"Kumi na tano."

"Soma volti."

Akainama karibu na mita. Akainama tena. "Mia mbili na sita."

Nikaichukua mita ya volti, nikaenda na Shomari kule mbele, naye akasoma kwa sauti: bado ni mia mbili na thelathini vilevile. Baba akabaki ameishika ile ya koleo. Kisha, bila mimi kumwomba, akatoa penseli yake nyuma ya sikio, akavuta kipande cha mbao, akaandika. Baba yangu hakusoma sana, lakini hesabu za vipimo zilikuwa chakula chake cha kila siku. Seremala asiyejua kugawa hawezi kutengeneza hata stuli.

"Ishirini na nne zimepotea," alisema.

"Zimekwenda wapi, baba?"

"Ndani ya waya."

"Gawa kwa zile ampea."

Penseli ikatembea juu ya mninga. "Moja nukta sita."

"Hiyo ndiyo omu. Ndiyo ukinzani wa njia nzima, kwenda na kurudi. Sasa waya kama wako, ukiwa mzima, kwa urefu wa banda hili na ule mzunguko wa ukutani, ungenipa nukta sita. Waya wako si mbaya, baba. Ulinunua waya mzuri. Lakini iko omu moja zaidi ambayo si ya waya. Imekaa mahali fulani, yote pamoja, na mie sijui ni wapi."

Nilipomwambia waya wake ni mzuri nilimwona akinyanyua uso. Sikusema vile kumbembeleza, ilikuwa kweli, namba ndizo zilizosema. Akaniuliza, kwa sauti ya fundi anayemuuliza fundi mwenzake, na mie sikuwa nimewahi kuisikia sauti ile ikielekezwa kwangu: "Hiyo omu moja inakula kiasi gani?"

"Zidisha omu moja kwa ampea kumi na tano, unapata volti zake. Kisha zizidishe tena kwa ampea."

Kumi na tano mara kumi na tano. Aliandika, akapiga mstari. "Mia mbili ishirini na tano. Ya nini?"

"Wati. Bulb ile ya njano pale juu ni wati sitini. Ukiishika ikiwa inawaka inakuunguza mkono. Hapa ni kama bulb nne kasoro kidogo, zimekusanywa mahali pamoja ndani ya ukuta, zinawaka mchana kutwa, na hatuzioni."

Baba aliinua kichwa akauangalia ukuta wake wa plaiwudi. Kisha akatembea, hakukimbia, akaenda hadi kwenye swichi kuu akaishusha mwenyewe. Taa zikazimika.

"Leteni patasi," alisema.

Tulianza kuupapasa ukuta kwa migongo ya viganja, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine. Katikati, nyuma ya rundo la mbao, pale nilipokuwa nasikia harufu, Shomari ndiye aliyeruka. "Lahaula! Hapa pana homa!" Wakahamisha mbao, baba akaipachua plaiwudi. Nyuma yake palikuwa na kiungo. Waya ulikuwa umeishia hapo zamani banda lilipoongezwa urefu, akaunga mwingine kwa kusokota na kufunga tepu, kama walivyofanya watu wengi wakati ule walipokuwa na taa mbili tu za kuwasha. Tepu ilikuwa imeyeyuka. Ganda la waya limekuwa jeusi. Mbao iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imeungua shimo la kuingia dole gumba, na unga wa mbao uliojikusanya pale miaka yote ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa. Shomari alipouchota ukamtoka moshi mkononi.

Sijui kama umewahi kumwona mtu mzima akitambua alichookoka. Baba alichuchumaa mbele ya ule ukuta muda mrefu. Sikuthubutu kusogea. Niliogopa atakuwa amevunjika, na ni mimi niliyemvunja, mbele ya watu wake.

Aliposimama alikuwa mrefu vilevile. Akawageukia mafundi, na majirani waliokuwa wameshajaa mlangoni.

"Mmeliona," alisema. "Nililiunga mimi. Mngeungua kwa mkono wangu. Sasa sikilizeni: kuanzia leo, kwenye banda hili, hakuna mtu anayegusa umeme bila kumuuliza Nakunda. Hata mimi."

Shomari akakuna kichwa. "Sawa bosi, lakini benchi je? Jumapili hiyo hapo, na umeme tumeuzima."

Baba akaenda kwenye kona, akavuta lile sanduku la mjomba wake. Ndani mlikuwa na randa za mkono, misumeno ya mkono, vitu ambavyo vijana wengine pale hawakuwahi kuvishika. Akaipuliza vumbi randa moja, akajaribu makali yake kwenye kucha. "Kabla ya mashine tulikuwa tunatengenezaje?" aliuliza. Akafunga mbao kwenye benchi, akaegemea, na randa ikatoa ukanda mrefu mwembamba wa maranda, bila kukatika, ukajikunja hadi chini. Mwanangu, vijana wale walisogea kumtazama kama watu wanaoangalia mpira.

Basi wakafanya kazi kwa mikono. Mafundi wa mabanda ya jirani, waliojua kwamba moto ule ungekuwa wao pia, walileta randa zao na mikono yao. Shomari, ambaye hakuwahi kukosa swala ya Ijumaa, alipiga msasa benchi za kanisa huku akiimba, na alipotaniwa alijibu kwamba hata Mlutheri anahitaji mahali pa kukaa. Na mimi, upande wa pili, niling'oa ule waya wote nikavuta mpya. Mzee Akberali aliniletea waya mnene zaidi, wa milimita mraba nne, akasimama mlangoni akinitazama nikifanya. Hakunigusia kitu. Nilipomaliza kufunga soketi ya mwisho alisema tu, "Kiungo kiko wapi?" Nikamjibu, "Hakuna kiungo, mzee. Ni waya mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwenye majlisi yake.

Jumamosi tukawasha. Baba aliyaleta majiko mwenyewe kule nyuma, akayachomeka mwenyewe, akasoma mwenyewe. "Mia mbili ishirini na tano! Ampea kumi na sita na kitu!" Taa haikufifia. Alishaanza kugawa kichwani kabla sijafungua mdomo. "Volti tano kwa ampea kumi na sita... kama thuluthi ya omu. Kutoka moja nukta sita!" Aliwaeleza wote maana ya thuluthi ya omu, mmoja mmoja, hata mama aliyekuja kudai jiko lake.

Jumapili tulikwenda Goba. Benchi zilikuwa ndani, zinanukia vanishi, na watu wameketi juu yake. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alimshika baba mkono, akamsifia kazi, akamuuliza mashine gani zilizotoa mbao laini namna ile. Nilitegemea baba azungumzie mikono yake, na alikuwa na haki. Lakini alinivuta begani, akanisimamisha mbele yake. Nakumbuka uzito wa mkono ule.

"Mbao nimezilainisha mimi na wenzangu," alisema. "Lakini kama banda langu bado limesimama, ni kwa sababu ya huyu. Ni mwanangu. Ni fundi umeme."

Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile. Alikuwa akisema, binti yangu anajifunza umeme. Nilitazama viatu vyangu, maana nisingetazama chini ningelia kanisani.

Tangu hapo baba alikuwa akinishika mkono na kunipeleka banda kwa banda Keko nzima. "Mpime huyu na huyu," alisema. Na kila tulipofika, mita nilimpa mwenye banda aisome. Sikumbuki hata mmoja aliyenifukuza. Nimefunga umeme wa nyumba Msasani na wa mabanda Temeke, nimefundisha vijana wengi, na nimejenga nyumba hii tuliyokaa hapa Goba kwa kazi hiyo. Najivuna, ndiyo. Kwa nini nisijivune? Lakini nikiulizwa siku gani nilikuwa fundi, sisemi siku niliyopata cheti.

Sasa mwanangu, nakuachia haya. Ukiona hatari, usiende kwa mtu na dhana yako, hata kama dhana yenyewe ni ya kweli. Nenda ukapime. Volti gawa kwa ampea, ujue njia inakataa kiasi gani. Volti zidisha kwa ampea, ujue moto ni mkubwa kiasi gani. Mtoto wa shule anaweza hesabu hiyo, ila wengi huona uvivu kuifanya, ndipo nyumba za watu zinaungua. Na ukishapata namba, usimpige nazo mtu usoni. Mpe mita aishike. Mwache agawe kwa penseli yake. Mzazi wako akigundua kosa kwa macho yake, anabaki na heshima yake yote, na anakuongezea na wewe juu. Na kwa wale wenzangu wenye mvi wanaosoma: siku mwanao akija na jiko kichwani, vaa miwani umsomee namba. Baba yangu hakupungua kitu siku ile. Aliondoka pale mkubwa kuliko alivyoingia.

Mungu akujalie jicho la kusoma na ulimi wa adabu. Mikono yako isimfikishie mtu madhara, kila utakapopitisha umeme watu walale usingizi wa amani, na walio wako wakutaje kwa jina la kazi yako, wewe ukiwa umesimama hapo unasikia.